SOMO: Chumvi Iliyobaki Chini ya Ziwa



Swali lililoletwa katika darasa letu la jioni lilikuwa hili: Watu wakijenga ukuta wakaizuia bahari, na mto ukamimina maji yake ndani ya ukuta mpaka maji ya chumvi yakaisha, je, ile chumvi iliyomo katika tope la chini inakwenda wapi? Baadhi yetu walisema inabaki pale pale siku zote, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito na kitu kizito hakipandi. Wengine wakasema hapana, inapanda yote kwa siku chache na mambo yanakwisha. Ubishi ulikuwa mkali, na mwalimu wa darasa akaahirisha jibu ili tujiandae. Tumejiandaa, na tumeona kwamba kila upande ulishika kipande cha ukweli.

Swali hili si mchezo wa wasomi. Mtu anayefanya kazi kwenye pampu ya maji, anayelima ardhi iliyokuwa chini ya bahari, au anayechota chumvi ziwani, riziki yake imo ndani ya swali hili.

Tuanzie jikoni. Mama anaponunua samaki wa chumvi sokoni, hampiki hivyo hivyo. Humloweka katika maji. Baada ya saa chache maji yale yamekuwa ya chumvi. Huyamwaga na kuweka mengine. Maji ya pili nayo yanapata chumvi, lakini pungufu. Ya tatu pungufu zaidi. Hakuna aliyemkamua samaki. Chumvi imetoka yenyewe, na imetoka kwa wingi mwanzoni, kisha kidogo kidogo.

Sababu yake ni kwamba chembe za chumvi zikiwa ndani ya maji hazitulii. Zinatikisika na kugongana wakati wote, huku na huku, bila kuchagua upande. Lakini pale penye chembe nyingi, nyingi huondoka. Pale penye chache, chache huondoka. Kwa hiyo ukijumlisha, chumvi husogea kutoka penye wingi kwenda penye uchache, mpaka pande zote zilingane. Kusogea huku tunakuita kusambaa. Hakuhitaji upepo wala mkondo, na uzito wa maji haukuzuii. Hapo ndugu zetu wa upande wa kwanza walikosea.

Sasa tope. Tukilitazama tope la chini ya ziwa tunadhani ni kitu kigumu kama udongo wa shambani. Siyo. Katika ndoo ya tope laini la chini ya maji, mara nyingi zaidi ya nusu ya kilichomo ni maji, yaliyokaa katika nafasi ndogo ndogo kati ya chembe za udongo. Kama bahari ilikuwa juu ya tope hilo kwa miaka mingi, maji hayo yaliyofichika ni maji ya bahari. Ukiiondoa bahari na kuweka maji matamu juu yake, umefanya kama yule mama: umeloweka samaki wa chumvi, ila samaki huyu ni sakafu nzima ya ziwa.

Mahali ambapo jambo hili lilitokea kwa ukubwa na likapimwa ni Uholanzi. Nchi hiyo ilikuwa na ghuba iliyoingia ndani ya bara kwa kiasi cha kilomita 100, ikiitwa Zuiderzee, yaani Bahari ya Kusini. Ilikuwa pana lakini si ya kina. Sehemu kubwa ilikuwa na mita 4 au 5 tu. Maji yake yalikuwa ya chumvi, ingawa hayakufikia ukali wa bahari kuu kwa sababu mto IJssel, ambao ni tawi la mto Rhine, ulikuwa ukimwaga humo. Dhoruba zilipovuma, bahari ilivunja matuta na kuingia vijijini. Ilifanya hivyo kwa ukali mwezi Januari 1916. Mhandisi Cornelis Lely alikuwa ameshachora mpango wa kuifunga ghuba hiyo tangu 1891, naye akiwa waziri akaona sheria ya kazi hiyo ikipitishwa mwaka 1918.

Kazi ya ukuta mkubwa, uitwao Afsluitdijk, ilianza mwaka 1927. Urefu wake ni kilomita 32, kuvuka maji kutoka ufuko hadi ufuko. Wafanyakazi elfu nne hadi tano walikuwa kazini humo kila siku. Walisuka mikeka mikubwa ya matawi ya miti, wakaizamisha kwa mawe ili mkondo usichimbe sakafu, wakamwaga udongo mzito juu yake, na mawe ya nje wakayapanga kwa mikono, moja moja. Pengo la mwisho lilizibwa tarehe 28 Mei 1932. Lely hakuliona, alifariki mwaka 1929. Picha za sherehe zinawaonyesha wakubwa waliovaa kofia. Mikono iliyopanga mawe haina majina katika picha hizo.

Tangu siku ile ghuba ikawa ziwa, na jina likabadilika kuwa IJsselmeer, Ziwa la IJssel. Mto uliendelea kuingiza maji matamu, na milango 25 iliyojengwa ndani ya ukuta ilifunguliwa kila bahari ilipokupwa ili maji ya ziwa yatoke. Maji ya chumvi yalisukumwa nje, mwezi baada ya mwezi. Kwa muda wa miaka kama mitano ziwa lilikuwa limekuwa la maji matamu.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu wako watu ambao chumvi ile ilikuwa ndiyo maisha yao. Wavuvi wa Zuiderzee waliishi kwa samaki wa baharini: heringi, na wale samaki wadogo wa jamii ya dagaa ambao Wazungu huwahifadhi kwa chumvi. Samaki hao hawakuweza kuzaliana katika maji matamu, na wakatoweka. Mikunga ilibaki, na samaki wengine wa maji matamu wakaja, lakini hawakutosha mashua zote. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuwasaidia wavuvi hao mwaka 1925, kabla ya ukuta kuanza. Tunaitaja kwa sababu si mara nyingi sheria ya fidia hutangulia mradi; kwa kawaida huja nyuma ikichechemea. Hata hivyo mtu aliyejifunza nyavu za heringi tangu utotoni hawezi kulipwa ujuzi wake kwa posho. Wavuvi wa Urk, waliokuwa wakaaji wa kisiwa ndani ya ghuba hiyo, walipeleka mashua zao Bahari ya Kaskazini na wakaendelea na uvuvi huko.

Turudi kwenye tope. Maji ya juu yalikuwa yamekuwa matamu, lakini sakafu ilikuwa na chumvi ya mamia ya miaka. Je, ni kiasi gani kilipanda? Tufanye hesabu ya darasani, si ya ziwa lenyewe bali ya bwawa la mfano, ili tuone ukubwa wa jambo.

Chukua bwawa lenye kina cha mita 4. Tope lake lina sehemu 6 katika 10 za maji, na maji hayo ya ndani yana gramu 10 za chumvi kwa kila lita. (Maji ya bahari kuu yana kama gramu 35.) Maji ya juu yamekwisha kuwa matamu kabisa. Kwa kasi ya kusambaa iliyopimwa katika matope ya namna hiyo, kila mita moja ya mraba ya sakafu itatoa karibu kilo 1 ya chumvi katika mwaka wa kwanza. Juu ya mita hiyo ya mraba kuna tani 4 za maji. Gawanya: tunapata karibu robo gramu kwa kila lita. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni kloridi, kiasi cha miligramu 140 hivi. Sheria ya Uholanzi inataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 150 za kloridi kwa lita, na ulimi wa mtu huanza kuionja chumvi zinapofika kama 250. Kwa maneno mengine, kama hakuna maji yanayoingia wala kutoka, tope peke yake linaweza kuyafikisha maji matamu karibu na mpaka wa sheria kwa mwaka mmoja tu.

Lakini tazama kinachofuata. Kilo ya kwanza ilitoka kwa mwaka mmoja. Kilo ya pili itachukua miaka mitatu. Kilo ya tatu, miaka mitano. Ya nne, miaka saba. Chumvi ya juu juu imekwisha kutoka, na ile ya chini ina safari ndefu zaidi ya kupita katikati ya chembe za udongo. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: kina kikiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne, kina mara tatu, muda mara tisa. Katika tope la namna hii kusambaa kunafika kama sentimita 20 kwa mwaka mmoja, kama sentimita 60 kwa miaka kumi, na kama mita 2 kwa miaka mia. Hapa ndipo walipokosea ndugu zetu wa upande wa pili. Chumvi haipandi yote kwa siku chache. Wajukuu wetu wataikuta ikiendelea kupanda.

Ushahidi mzuri kuliko hesabu umo katika mashamba. Waholanzi waliyageuza maeneo makubwa ya ghuba hiyo kuwa nchi kavu, kwa kuyazungushia tuta na kuyapampu maji. Eneo la kwanza, Wieringermeer, lilikaushwa mwaka 1930, yaani kabla ukuta mkubwa haujafungwa. Sakafu yake ilitoka moja kwa moja chini ya maji ya chumvi hadi kwenye jua. Mimea ya kwanza kuota ilikuwa ile inayozoea chumvi. Ilibidi mifereji ichimbwe na mvua ioshe udongo kwanza ndipo ngano ikubali. Eneo la pili, Noordoostpolder, lilikaushwa mwaka 1942. Hili lilikuwa limekaa miaka kumi chini ya ziwa lililokuwa likipoteza chumvi yake. Walipolikausha walikuta udongo wa juu una chumvi kidogo sana ukilinganishwa na ule wa Wieringermeer. Hakuna aliyeuosha. Ziwa ndilo lililouloweka. Na kumbuka sentimita 60 za miaka kumi: hicho ndicho kina ambacho jembe na mizizi mingi ya nafaka vinakihitaji. Chini zaidi chumvi ilikuwapo bado, lakini haikumsumbua mkulima wa siku zile.

(Tuseme kwa kupita kwamba mifereji ya Noordoostpolder ilichimbwa kwa wingi kwa majembe na mikono, wakati wa vita, na vijana wengi walikimbilia kazi hiyo ngumu ili wasichukuliwe kwa nguvu kwenda kufanya kazi viwandani Ujerumani.)

Wieringermeer nayo ilipata mtihani wa pili. Tarehe 17 Aprili 1945 jeshi la Kijerumani lililipua tuta lake na nchi yote ikafunikwa na maji. Nyumba na mashamba viliharibika. Hata hivyo maji yaliyoingia yalikuwa ya ziwa, si ya bahari, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamepampuliwa nje. Kama tuta lingelipuliwa kabla ya 1932, udongo ungerudi kwenye chumvi ya mwanzo, na kazi ya miaka yote ya kuuosha ingekuwa bure.

Wahandisi walitoboa pia sakafu ya ziwa na kuchukua udongo wa kila kina ili wapime chumvi yake. Mtu angetazamia kwamba chumvi iwe nyingi zaidi juu, karibu na mahali bahari ilipokuwa, kisha ipungue kwenda chini. Baada ya 1932 haikuwa hivyo. Juu kabisa ilikuwa kidogo, chini kidogo ikaongezeka mpaka kilele, kisha ikapungua tena. Kilele hicho kilikuwa chumvi iliyokwama njiani: sehemu yake inapanda kwenda ziwani, na sehemu yake inaendelea kushuka kwenda kwenye udongo ambao bahari haijaufikia bado. Naam, chumvi hupanda na kushuka kwa wakati mmoja, kwa kuwa pande zote mbili kuna uchache. Mhandisi Volker aliandika juu ya vipimo vya namna hii mwaka 1961, akaonyesha kwamba kutokana na umbo la chumvi ardhini mtu anaweza kusoma ni tangu lini bahari ilikuwa juu yake, kama vile seremala anavyosoma umri wa mti katika duara za gogo.

Liko jambo lililoleta ubishi mwingine darasani: uzito. Ni kweli maji ya chumvi ni mazito. Uzito hauzuii kusambaa, lakini una kazi yake. Maji matamu yakiwa juu na ya chumvi chini, mpangilio umetulia, na chumvi hupanda kwa kusambaa tu, polepole. Geuza mpangilio: weka maji ya bahari juu ya mchanga wenye maji matamu. Sasa kizito kiko juu. Maji ya chumvi huzama ndani ya mchanga kama vidole, na kwa muda mfupi yanafika mbali. Ndiyo maana bahari ikivamia ardhi ya mchanga kwa siku chache tu, kuiondoa chumvi yake kunaweza kuchukua miaka. Kuingia ni mlango mpana, kutoka ni tundu la sindano.

Yapo pia mambo yanayoharakisha. Katika ziwa lisilo na kina, upepo mkali huinua mawimbi yanayotikisa tope, na chumvi ya sentimita za juu hutoka mara moja badala ya kungoja. Rafadha za meli hufanya vile vile, na minyoo na wadudu wanaochimba tope hubadilishana maji ya ndani na ya nje. Joto nalo husaidia: katika maji ya nyuzi 25 chumvi husambaa kwa kasi ya mara moja na robo tatu hivi kuliko katika maji ya nyuzi 5, kwa hiyo katika nchi zetu kazi hii huenda mbele zaidi kuliko Ulaya. Upo na mwendo wa maji yenyewe ndani ya ardhi. Nchi iliyokaushwa ikiwa chini kuliko ziwa jirani, maji ya ziwa hupenya sakafu na kwenda chini, yakiisukuma chumvi nyuma. Lakini upande wa pili wa tuta maji yale yale huibuka mashambani, na huibuka yakiwa yamebeba chumvi ya kale. Mkulima wa huko hupampu chumvi ambayo bahari iliacha kabla babu yake hajazaliwa.

Hapa kwetu Uganda hatuna bahari, lakini tunayo Katwe. Ziwa lile limo ndani ya shimo la mlipuko wa kale wa volkano, karibu na Ziwa Edward. Chemchemi za chumvi huingia humo, na hakuna mto utokao. Ndugu zetu husimama ndani ya maji makali yanayochubua ngozi, wakikata mabamba ya chumvi kutoka sakafuni, na pembeni wako wenye viwanja vidogo vya kukaushia. Mvua kubwa ikinyesha, maji matamu hukaa juu ya yale mazito. Chumvi ya sakafuni na ya tope huanza kupanda kuyafuata, bamba huyeyuka, na mchimbaji hana la kufanya ila kungoja jua. Ni kusambaa kule kule kwa IJsselmeer. Tofauti ni mlango wa kutokea. Kule mto huingia na milango hufunguliwa, chumvi inayopanda inachukuliwa baharini, na ziwa linabaki tamu ingawa sakafu inaendelea kutoa. Katwe hakuna mlango. Chumvi inayopanda leo itarudi sakafuni jua likiyakausha maji, na kwa sababu hiyo watu wameichota kwa karne nyingi bila kuimaliza.

Kwa wenzetu wa pampu za maji tuna neno la kazi. Msipime chumvi juu ya maji pekee. Siku zisizo na upepo maji ya juu huwa matamu wakati yaliyogusa tope yana chumvi. Funga jiwe kwenye chupa, iwe na kizibo chenye kamba yake. Ishushe mpaka karibu na tope, ndipo uvute kizibo. Pima ya juu, pima ya chini, andika zote mbili pamoja na tarehe. Na ukikuta maji yamekuwa safi baada ya kusukuma ya zamani nje, usitie sahihi kwamba kazi imekwisha. Funga milango wiki chache, pima tena, uone sakafu inasema nini.

Waholanzi wenyewe hawajamaliza. IJsselmeer leo ni chanzo cha maji ya kunywa, na huko Andijk yapo mitambo ya kuyasafisha. Katika ukame wa mwaka 2018 mto Rhine ulipungua, maji ya kusukuma chumvi nje yakawa haba, na maji ya bahari yakapenya kwenye milango ya meli. Kwa kuwa ni mazito yalitambaa sakafuni na kutulia mashimoni, na kloridi ikapanda kupita ule mpaka wa miligramu 150 huko Andijk. Kila siku ambayo maji kama hayo yanalala shimoni, tope lililo chini yake linapokea tena chumvi, nayo itatolewa baadaye wakati vipimo vya juu vinaonyesha kwamba hatari imepita.

Maswali ya kujadili katika tawi: Katika bwawa letu la mfano, ni miaka mingapi jumla itapita hadi kilo ya tano itoke? Kama bwawa hilo lingekuwa na kina cha mita 2 tu badala ya 4, chumvi ya mwaka wa kwanza ingefikia miligramu ngapi za kloridi kwa lita, na je, maji hayo yangekubaliwa na sheria ya Uholanzi? Na ikiwa wavuvi wa ghuba fulani wataambiwa kwamba maji yatakuwa matamu, ni mambo gani wangetaka yaandikwe katika mkataba kabla jiwe la kwanza halijawekwa? Majibu ya maswali mawili ya kwanza tutayatoa katika toleo lijalo. La tatu tungependa kupokea kutoka kwenu.